Nitie Sahihi Kitabu cha Kusanyiko la Boston Huku Nikiwa Msharika wa Tanga?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga mjini, na ninafundisha chuoni. Nilizaliwa na kulelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mama yangu, mwenyeji wa Lushoto, ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, na marehemu baba aliimba kwaya mpaka alipougua. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, na bahasha yangu ya ahadi bado ina namba ile ile niliyopewa nilipoanza kazi.

Nilipokwenda Boston, Marekani, kwa masomo ya shahada ya uzamili, mwenzangu wa darasani alinialika katika kusanyiko la Wayunitariani Wayuniversalisti. Mara ya kwanza nilikwenda kwa kuheshimu mwaliko, kisha nikaendelea kwenda mpaka nilipomaliza masomo. Ibada yao huanza kwa kuwasha mwali ndani ya kikombe, zikafuata nyimbo na mahubiri, na kila mwenye furaha au huzuni hupewa nafasi ya kuisema mbele ya wenzake. Hakuna anayeulizwa kama anaamini Utatu, wala hakuna anayetishiwa moto wa milele. Humo walikaa pamoja watu waliolelewa katika Ukatoliki, Wayahudi, na hata wasio na hakika kama Mungu yupo, na wote walipangiana zamu za kupeleka chakula kwa wagonjwa. Huko ndiko nilikoweza kuyatamka maswali niliyoyaficha tangu darasa la kipaimara.

Sasa nimerudi nyumbani, na Jumapili jioni hufuatilia ibada zao kwa intaneti. Kamati yao ya wanachama imeniandikia kwamba mlango uko wazi: kwa kuwa nilikwisha kuhudhuria mafundisho ya wageni, naweza kuandikwa katika kitabu chao cha wanachama nikiwa huku huku. Nilifurahi sana, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Wakati huo huo kaka yangu amepata mtoto na ameniomba niwe msimamizi wake wa ubatizo mwezi ujao. Mama ameshalitangaza jambo hilo kwenye jumuiya. Hakuna yeyote nyumbani anayejua habari za Boston.

Naomba unisaidie katika haya. Je, nikitia sahihi kule nitakuwa nimejiondoa katika usharika wangu? Je, naweza kumsimamia mtoto wa kaka? Na mama nimweleze nini, ikiwa ni lazima nimweleze?

Mwalimu wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ubatizo, kwa sababu ubatizo una tarehe na mengine uliyoyauliza hayana.

Msimamizi wa ubatizo hasimami pale kama ndugu wa karibu aliyepewa heshima. Mchungaji atauliza maswali mbele ya usharika, na msimamizi atayajibu kwa kinywa chake. Ataikiri Imani ya Mitume pamoja na wazazi, na ataahidi kuwasaidia kumlea mtoto katika imani hiyo hiyo. Tena kwa kawaida usharika hutaka msimamizi awe mkristo aliyepata kipaimara, maana kanisa linamkabidhi kazi ya kufundisha. Wewe umeniandikia kwamba mafundisho ya Utatu na ya hukumu ya milele yamekushinda kwa muda mrefu. Sikulaumu kwa hilo. Wako wengi wanaokaa kwenye viti vya kanisa wakiwa na maswali kama yako, na mashaka peke yake hayamtoi mtu katika nyumba ya Mungu. Hata hivyo, mtu anayenyamaza na maswali yake kitini si sawa na mtu anayesimama mbele ya maji na kuahidi kumfundisha mtoto asiyejua lolote jambo ambalo yeye mwenyewe ameliacha. Kwa sababu hiyo nakushauri usikubali kusimamia, na umwambie kaka yako wiki hii, ili apate nafasi ya kumtafuta mwingine bila aibu na bila haraka.

Kaka yako akisononeka, mkumbushe kwamba wewe ni shangazi wa mtoto huyo tangu alipozaliwa, na ushangazi haungoji kisima cha ubatizo. Katika desturi zetu za Tanga, awe Mshambaa, Mdigo, Mbondei au Mzigua, mtoto hulelewa na shangazi kwa mambo mengi ambayo hayaandikwi katika cheti chochote. Nenda ibadani siku hiyo, ukae na mama, umnunulie mtoto nguo ya ubatizo ukitaka, na upike pamoja na wanawake wengine baada ya ibada. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalokulazimisha kusema usiloliamini.

Sasa niingie katika kitabu cha Boston. Jamaa zako wengi watadhani ni dhehebu la juzi lililoanzishwa na mtu mmoja mwenye maono, na ni vyema ujue la kuwajibu. Wayuniversalisti wa Marekani huhesabu mwanzo wa jumuiya yao kuu kuwa mwaka 1793, na fundisho lao lililowapa jina ni kwamba Mungu hatamwacha yeyote apotee milele. Wayunitariani wa huko waliunda chama chao mwaka 1825, wakishikilia kwamba Mungu ni mmoja bila nafsi tatu. Pande hizo mbili ziliungana mwaka 1961, miaka miwili tu kabla makanisa saba ya Kilutheri ya nchi yetu hayajaungana na kuwa KKKT mwaka 1963, na makao makuu ya Shirikisho lao yako Boston. Ukirudi nyuma zaidi utafika Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, ambako mwaka 1568 baraza lililokutana katika mji wa Torda liliruhusu wahubiri wahubiri Injili kila mmoja kwa ufahamu wake. Mhubiri wao mkuu, Ferenc Dávid, alifia gerezani katika ngome ya Deva mwaka 1579 kwa sababu ya mafundisho yake. Barani kwetu, Cape Town ina kanisa la Kiyunitariani tangu mwaka 1867, na Kenya na Burundi pia zina makusanyiko. Mama yako anaweza asikubaliane na watu hawa hata kwa neno moja, lakini hatakuwa na sababu ya kudhani kwamba umetekwa na matapeli.

Kwa upande wa uanachama wenyewe, makusanyiko haya hayana askofu wala sinodi inayoyaamuru. Kila kusanyiko hujitawala, humwita mchungaji wake kwa kura, hupitisha bajeti yake, na hujiwekea masharti ya kumpokea mwanachama. Kwa kawaida mgeni huhudhuria ibada kwa muda, hukaa katika mafundisho ya wageni, huzungumza na mchungaji, kisha hutia sahihi katika kitabu. Hatakiwi kukiri imani iliyoandikwa, kwa sababu hawana. Kinachowaunganisha ni agano la namna watakavyoishi pamoja, na katika mkutano wao mkuu wa mwaka 2024 walikubaliana kuuweka upendo katikati ya maadili yao, ukizungukwa na haki, usawa, ukarimu, kutegemeana, kukubali wingi wa imani, na utayari wa kubadilika. Baada ya sahihi huja wajibu, nao ni ahadi ya fedha kwa mwaka, zamu za kazi, na kura katika mikutano. Wewe uliyekulia kwenye bahasha za ahadi huna haja ya kufundishwa maana ya wajibu huo.

Umeuliza kama sahihi hiyo itakutoa katika usharika wako. Boston hawatakuuliza habari za ubatizo wako wala hawatakutaka uukane, kwani wengi wao walitoka katika makanisa mengine na baadhi bado wanayapenda makanisa hayo. Tanga ndiko utakakoulizwa. Usharika wa Kilutheri ni ushirika wa kukiri imani, na mtu aliyejiandikisha kwa hiari yake katika jumuiya ya dini isiyoikiri imani hiyo amewapa viongozi wake sababu halali ya kumwita na kumwuliza yuko upande gani. Sitakudanganya kwamba unaweza kuwa na kadi mbili bila jambo hilo kuonekana. Linaweza kufichika kwa muda, lakini wewe ndiwe utakayelazimika kulificha, Jumapili hadi Jumapili, na barua yako yote inanionyesha mtu aliyekwisha kuchoka kuficha.

Ushauri wangu, ingawa huenda usiwe ule uliokuwa ukiutarajia, ni kwamba usitie sahihi katika kitabu cha kusanyiko lile la Boston kwa sasa. Sikatai imani yao, na uhuru wako siutilii shaka hata kidogo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inamlinda kila mtu katika imani yake na hata katika kuibadilisha, kwa hiyo wewe, mtu mzima mwenye kazi yako, huhitaji ruhusa ya mtu. Ninachokiangalia ni kwamba kuwa mwanachama ni kujikabidhi kwa watu. Ulichokipenda kule ni zamu za chakula cha wagonjwa na mtu kusimama akasema huzuni yake mbele ya wanaomjua. Ukiwa Chumbageni huwezi kumpelekea chakula mgonjwa wa Boston, na yeye hawezi kuja kwako. Utapiga kura ya kumwita mchungaji ambaye hatakaa nawe hata siku moja ukiwa umefiwa. Utabaki na sahihi yako kitabuni, lakini ule ushirika wenyewe hutauona.

Hapa lazima niguse mazishi, maana ndipo uanachama wa dini unapopimwa katika mji wetu. Baba yako alipofariki, bila shaka uliona jinsi jumuiya ilivyogawana kazi: wa kukesha na mama, wa kupika, wa kuchimba kaburi, kwaya ya wenzake waliokuja kumwimbia, na mchungaji aliyejua jina lake bila kulisoma kwenye karatasi. Uliona pia majirani Waislamu wakikaa kwenye mikeka ile ile, kama wanavyokaa Ngamiani na Makorora nzima, kwa kuwa msiba wa Tanga hauulizi dini ya anayekuja kukaa. Lakini sala ya kaburini husomwa na mtu wa dini fulani, kwa utaratibu wa dini hiyo. Ukijiondoa katika usharika, ndugu zako watataka kujua ni nani atakayekusomea, nao watakuwa na haki ya kuuliza, maana wao ndio watakaoachiwa kazi hiyo. Siyasemi haya kukutisha. Wako watu walioandika matakwa yao wakazikwa vizuri kwa maneno ya ndugu na marafiki tu. Ila jambo hilo hupangwa mtu akiwa hai na mzima, na huzungumzwa na wale watakaobeba jeneza.

Ikiwa utayafikiri haya yote na bado moyo wako ukataka kuwa mwanachama kwa jina, liko kusanyiko la Wayunitariani lililoanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya watu kama wewe, wanaoishi mbali na kusanyiko lolote. Huitwa Church of the Larger Fellowship. Zamani lilihudumia watu kwa barua za posta, na siku hizi ibada zake na vikundi vyake hukutana kwa intaneti. Wanachama wake wako nchi nyingi, na wengi wako magerezani. Humo wote wako mbali na wote wamekubali kuwa mbali, kwa hiyo huduma imepangwa kwa kuujua umbali huo, na hutakuwa mtu wa pembeni katika kusanyiko ambalo wengine hushikana mikono kila Jumapili. Kwa maoni yangu hilo lingekufaa kuliko kitabu cha Boston. Hata hivyo maswali ya usharika wako yatabaki yale yale.

Na kama ndoto yako ni kuwakusanya wenye mawazo kama yako hapa hapa Tanga, kusoma na kuzungumza na marafiki sebuleni ni jambo jema na la kawaida. Mkitaka kujiita kanisa au jumuiya ya dini, hapo mtahitaji kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ni hatari kulipuuza hilo.

Sasa nifike kwa mama. Umeuliza kama ni lazima umweleze. Ni lazima, na sababu iko katika barua yako mwenyewe: mama yako ni mzee wa kanisa. Habari yako ikifika barazani kwa mdomo wa mtu mwingine, itazungumzwa yeye akiwa amekaa pale pale mezani, na atatakiwa kusema neno juu ya binti yake kuhusu jambo asilolijua. Hapana mama anayestahili kufikishwa hapo na mtoto anayempenda. Tena amekwisha kuitangazia jumuiya kwamba utasimamia ubatizo. Kwa hiyo mara tu baada ya kuzungumza na kaka, nenda kwa mama, siku hiyo hiyo ikiwezekana, asije akasikia kwamba umekataa bila kujua kwa nini.

Usimpelekee mjadala wa Utatu. Amekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, ana majibu yake, na mkianza kubishana mtaishia kuhesabiana mistari. Mweleze ulichokiona kwa wale watu na kilichokugusa. Mweleze tangu lini maswali haya yalikuanza, ili ajue kwamba hayakuletwa na Marekani na kwamba hakukosea alipokuruhusu kwenda. Mweleze pia usichokusudia kukifanya: hukusudii kuwadharau washarika, hukusudii kuacha kwenda naye kwenye misiba na harusi, na hukusudii kumvuta mtoto wa kaka upande wako. Kisha mwache aseme, hata kama atalia, hata kama atakaa kimya mpaka kesho yake.

Liko jambo moja ambalo ni afadhali alisikie kwako. Kaka yako akilitafuta jina la Shirikisho la Wayunitariani Wayuniversalisti mtandaoni, mapema kabisa atakuta kwamba makusanyiko yake hufungisha ndoa za watu wa jinsia moja, na kwamba mwaka 1996 mkutano wao mkuu uliunga mkono ndoa hizo zitambuliwe na sheria ya Marekani. Katika mji wetu habari hiyo itafunika kila kitu kingine ulichowaeleza, na wataona kwamba uliificha makusudi. Itaje wewe mwenyewe, kwa utulivu, na useme wazi msimamo wako ni upi, kwa sababu watakuuliza.

Baada ya mama, nenda kwa mchungaji wa usharika wako. Usiende kuomba ruhusa wala kuaga. Mweleze kwamba una maswali katika imani, kwamba kwa ajili hiyo umekataa kusimamia ubatizo, na umwulize usharika unamtazama vipi mtu wa namna yako anayeendelea kuhudhuria, kutoa ahadi na kushiriki kazi za jumuiya. Wachungaji wengi huheshimu mtu aliyekataa kuapa kwa uongo, na unaweza kukuta kwamba nafasi aliyonayo kwako ni kubwa kuliko uliyodhani. Ikiwa atakujibu kwa ukali, angalau utajua unaposimama, na uamuzi wako utakuwa umejengwa juu ya jibu lake badala ya hofu yako. Swali la Meza ya Bwana pia mpelekee yeye, kwa kuwa ni lake kulijibu kuliko langu.

Kamati ya Boston waandikie barua ya shukrani sasa, fupi, ukiwaeleza kwamba unauthamini mwaliko wao na unazungumza na familia yako kwanza. Waombe wakutumie katiba ya kusanyiko lao, usome mwenyewe inasema nini juu ya mwanachama aliye mbali, ahadi ya fedha na haki ya kura. Endelea kufuatilia ibada zao Jumapili jioni, na safari hii usijifungie chumbani unapozitazama. Mama akitaka kukaa akasikiliza, mtafsirie. Akikuomba usiamue lolote mpaka Pasaka ipite, mkubalie, kwa kuwa waliokualika hawakukuwekea tarehe ya mwisho.